Mwongozo kwa Mbunge Mgeni: Jinsi ya Kuuliza Swali, Kutoa Hoja na Kuleta Muswada Bila Kujiumiza

Hongera kwa kushinda. Umefika Dodoma, umeapa, kitabu cha Kanuni za Kudumu za Bunge unacho mkononi, na jamaa aliyekuwa akikuita kwa jina la utani sasa anakuita Mheshimiwa. Jimboni umeacha ahadi moja kubwa: barabara ya lami. Wapiga kura wako wanaamini Mbunge ndiye anayejenga barabara. Wakati wa kampeni hukuwasahihisha, na sasa umechelewa.

Una vyombo vitatu: swali, hoja na muswada. Vyote ni halali, vyote vimo kwenye Kanuni, na kila kimoja kina njia yake ya kukurudisha kwenye kiti chako huku umepigiwa makofi. Fuata hatua hizi kwa makini. Utashindwa, lakini utashindwa kwa kufuata utaratibu, na humo ukumbini utaratibu ndio unaohesabiwa.

Hatua ya kwanza: jifunze kuzungumza na Kiti. Huzungumzi na Waziri, hata akiwa amekaa hatua tatu mbele yako na anakutazama usoni. Unazungumza na Spika. Kila unapoanza wazo jipya, anza na "Mheshimiwa Spika". Ukikosa wazo, anza nayo hivyo hivyo. Itakupa sekunde mbili za kulitafuta. Akikaa Naibu Spika, badilisha. Bunge likigeuka kuwa Kamati, Spika yule yule, kwa sura ile ile, anakuwa Mwenyekiti, na ukiendelea kumwita Spika utasahihishwa na ukumbi mzima. Kisha toa shukrani: Mwenyezi Mungu aliyekujalia afya, Rais kwa kazi kubwa anayoifanya, Waziri Mkuu, Waziri mwenye hoja, Naibu wake, Katibu Mkuu na watendaji wote, wapiga kura, familia. Usimruke mtu. Angalizo: kengele ya kukumaliza muda haijui kutofautisha shukrani na hoja, na Taarifa Rasmi itaandika tu kwamba kengele ililia.

Hatua ya pili: andika swali. Liwe fupi, lisiwe hotuba, lisitafute maoni ya mtu. Wenzako wamekwisha kukutengenezea kielelezo, usibuni chako: "Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya kutoka hapa hadi pale?" Neno "lini" ni la lazima. Halijawahi kuleta tarehe, lakini swali lisilo nalo huonekana halijavaa tai. Kabla ya kulipeleka kwa Katibu wa Bunge, tafuta kwanza barabara yako ni ya nani. Kama ni barabara kuu au ya mkoa, iko chini ya TANROADS, na itajibu Wizara ya Ujenzi. Kama ni ya wilaya, mtaa au kijiji, tangu 2017 iko chini ya TARURA, na itajibu TAMISEMI. Ukikosea, utajibiwa kwa heshima zote kwamba barabara hiyo iko chini ya wakala mwingine, na hilo ndilo litakuwa jibu lako. Ukipatia, subiri zamu. Maswali ni mengi, asubuhi ni fupi, na kila jimbo lina barabara. Angalizo: siku swali lako litakapopangwa, mvua itakuwa imebadilisha sehemu korofi, na utauliza habari za daraja ambalo halipo tena.

Hatua ya tatu: pokea jibu. Atasimama Naibu Waziri. Atasema kwa niaba ya Waziri anaomba kujibu swali la Mheshimiwa, Mbunge wa jimbo fulani, kama ifuatavyo. Kitakachofuata unaweza kukikariri ukiwa nyumbani. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Serikali imekamilisha, au inaendelea na, au iko mbioni kuanza upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Ujenzi kwa kiwango cha lami utaanza kadri fedha zitakapopatikana. Wakati hayo yakisubiriwa, barabara itaendelea kufanyiwa matengenezo ya mara kwa mara ili ipitike majira yote. Sikiliza kwa utulivu, tikisa kichwa. Jibu hilo halina uongo hata kidogo: umuhimu unatambuliwa kweli, fedha zikipatikana zitapatikana kweli. Angalizo: usitafute tarehe ndani yake. Waliotafuta kabla yako walikuwa na macho mazuri kuliko wewe.

Hatua ya nne: uliza ya nyongeza. Kwa kuwa swali ni lako, una haki ya mawili. Simama na useme: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri, ninayo maswali mawili madogo ya nyongeza." Majibu ni mazuri kila siku, hata yale unayoyapinga, ndiyo maana unauliza tena. Maswali ni madogo kila siku, hata yakiwa na vipengele vinne na historia ya jimbo tangu Uhuru. La kwanza, rudia ulilouliza kwa sauti ya juu zaidi. La pili ndilo silaha yako: "Je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya Mkutano huu ili akajionee mwenyewe?" Atajibu yuko tayari. Hajawahi kuwepo ambaye hakuwa tayari. Makofi. Hapo watasimama wenzako wengi kwa mpigo, si kukusaidia, bali kuuliza na za kwao, kwa kuwa "tatizo hilo linafanana na la jimboni kwangu". Angalizo: hesabu walioahidiwa kuongozana naye, halafu hesabu viti kwenye gari lake.

Hatua ya tano: jaribu Alhamisi. Siku hiyo Waziri Mkuu hujibu maswali ya papo kwa papo kwa nusu saa, bila kupelekewa kwa maandishi kabla. Utadhani umepata mwanya. Maswali haya yanatakiwa kuhusu sera ya Serikali, na kalvati la kijijini kwenu si sera. Lipandishe cheo basi. Usiseme kalvati, sema "mkakati wa Serikali kuhusu miundombinu ya vijijini kote nchini", kisha mwishoni taja kijiji kimoja kama mfano, kwa bahati tu. Jibu litakuwa pana kama swali, na litahitimishwa kwa agizo kwamba Waziri wa sekta amelisikia na atalifanyia kazi. Waziri wa sekta ni yule yule aliyekujibu Jumanne kupitia Naibu wake. Angalizo: ukipandisha swali cheo kupita kiasi, kalvati lenyewe haliwezi kulifikia.

Hatua ya sita: jua namna za kusimama bila kuwa na zamu. Ziko tatu, na zinafanana kiasi cha kuwachanganya wakongwe. Ukisema "Taarifa", unataka kumwongezea mzungumzaji jambo. Atakaa, utamsema, kisha ataulizwa kama anaipokea, naye atasema haipokei. Ukisema "Kuhusu utaratibu", unadai kuna Kanuni imevunjwa, na utatakiwa uitaje kwa namba. Shika toleo sahihi: Kanuni zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na namba uliyoikariri kwenye kitabu cha 2016 huenda kwenye kile cha 2020 imehamia kwa jirani. Ukisema "Mwongozo", unamwomba Spika akuelekeze kuhusu jambo lililotokea mapema Bungeni. Kwa vitendo, mwongozo huombwa kuhusu mafuriko, bei ya mbolea, timu ya taifa na habari iliyosomwa asubuhi kwenye gazeti. Spika atakwambia jambo hilo halikutokea humu ndani, ukae. Lakini utakuwa umelisema, na mwandishi wa habari pale juu amekwisha kuliandika. Angalia pia mavazi kabla ya kusimama: Juni 2021 Mbunge mmoja mwanamke alitolewa nje kwa sababu ya suruali, na suruali hiyo ilijadiliwa nchi nzima kuliko bajeti zilizokuwa mezani wiki hiyo. Angalizo: anayesimama mara nyingi huonekana mchapakazi jimboni na msumbufu kwenye Kiti, na anayegawa nafasi za kuchangia ni Kiti.

Hatua ya saba: panda ngazi, leta hoja binafsi. Hapa ndipo Mbunge huacha kuuliza na kulitaka Bunge liamue. Utatoa taarifa kwa maandishi, utasubiri ikubaliwe, ipangiwe siku, usimame utoe hoja, na mtu aseme "naafiki". Ni chombo kizito, kwa hiyo soma historia yake kwanza. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo Mbunge wa Kigoma Kaskazini, alileta hoja Bunge liunde Kamati Teule ichunguze mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao Waziri wa Nishati na Madini aliutia saini London. Bunge liliamua kweli: lilimsimamisha mtoa hoja hadi Januari 2008. Kabla adhabu haijaisha, Rais alimteua aliyeadhibiwa kuwa mmoja wa wajumbe wa Kamati ya Jaji Bomani ya kupitia mambo ya madini, na mwaka 2010 nchi ikapata Sheria mpya ya Madini. Kwa hiyo usikate tamaa: hoja yaweza kufika, ila mwenye hoja apitie mlango wa nje. Siku hizi kuna njia ya upole zaidi. Serikali itasimama, itakushukuru kwa hoja nzuri, itaeleza kuwa tayari ina mpango wa jambo hilo hilo, na itaomba hoja iondolewe kwa kuwa imekwisha kufanyiwa kazi. Angalizo: hoja ambayo Serikali imeipenda sana ndiyo isiyofika kwenye kura.

Hatua ya nane: usiguse hoja ya kutokuwa na imani, ila ujue ilivyo. Ibara ya 53A ya Katiba inaruhusu Bunge kumwondoa Waziri Mkuu. Inatakiwa taarifa yenye sahihi za Wabunge wasiopungua asilimia 20 ya Wabunge wote, imfikie Spika siku zisizopungua 14 kabla ya kuletwa. Aprili 2012 karatasi ilizungushwa kumhusu Waziri Mkuu Mizengo Pinda, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuwachoma mawaziri kadhaa. Sahihi zilipita 70, na hata Deo Filikunjombe wa chama tawala alitia yake. Kilichopungua kilikuwa kalenda: Mkutano ulikuwa ukingoni, na siku 14 hazikuenea. Hoja haikujadiliwa. Mwezi uliofuata Rais alipangua Baraza la Mawaziri na baadhi wakaachwa, na Pinda alibaki mpaka 2015. Somo ni kwamba karatasi isiyosomwa ndani ya ukumbi yaweza kufanya kazi kuliko iliyosomwa. Angalizo: kabla ya kutia sahihi, soma Ibara ya 71. Mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kiti nacho kinamwacha, na kikao cha chama kina kumbukumbu nzuri ya mwandiko.

Hatua ya tisa: leta muswada wako mwenyewe. Hii ndiyo maana ya neno Mbunge, watakwambia: mtunga sheria. Njia imenyooka. Muswada unatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, unasomwa Mara ya Kwanza, unakwenda kwenye Kamati, wadau wanasikilizwa, unarudi kusomwa Mara ya Pili na kujadiliwa, unapita Kamati ya Bunge Zima kifungu kwa kifungu, unasomwa Mara ya Tatu, unakwenda kwa Rais kupata kibali. Mbunge wa kawaida anaruhusiwa kuuleta. Unaitwa Muswada Binafsi. Sasa fungua Ibara ya 99. Bunge halishughulikii muswada wala hoja ya kutoza kodi, kuibadilisha isipokuwa kwa kuipunguza, au kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais awe amependekeza na Waziri ndiye awasilishe. Barabara ina gharama. Zahanati ina gharama. Baraza, tume, wakala na mfuko wowote unaotaka kuuanzisha una mwenyekiti, na mwenyekiti ana posho. Toa vifungu vyote vinavyohitaji senti, na utabaki na jina la sheria, tafsiri ya maneno na kifungu cha mwisho kinachompa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni. Angalizo: ukifanikiwa kuandika muswada mzuri usiogharimu chochote, Serikali itaupenda na itaahidi kuleta wa kwake.

Usikasirike ukiona miswada ya Serikali inakimbia huku wako umekaa. Iko Hati ya Dharura, inayotiwa saini na Rais, na ikiwepo, safari ya miezi huwa ya siku. Mwaka 2017 miswada mitatu ya rasilimali na madini ililetwa kwa njia hiyo mwishoni mwa kikao cha bajeti, ikapita mwanzoni mwa Julai. Wadau walialikwa kutoa maoni, na waliowahi walitoa. Na usiote mgogoro na Ikulu. Rais akiukataa muswada, Ibara ya 97 inataka urudi Bungeni pamoja na sababu. Ukipelekwa tena ndani ya miezi sita lazima uungwe mkono na theluthi mbili ya Wabunge wote, na hapo Rais ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge. Angalizo: utaratibu huo umeandikwa vizuri sana, kama kila kitu kisichotumika.

Hatua ya kumi: shika shilingi. Baada ya kushindwa kwa swali, hoja na muswada, hiki ndicho kitakachokufariji. Wakati wa bajeti, Bunge likiwa Kamati ya Matumizi na fungu la mshahara wa Waziri likitajwa, simama uombe ufafanuzi. Usiporidhika, tangaza kwamba unatoa shilingi. Maana yake unataka mshahara wa Waziri upungue kwa shilingi moja, sarafu ambayo sokoni huwezi kununulia hata kiberiti. Wenzako watasimama kukuunga mkono. Watachangia kwa uchungu. Kwa dakika kadhaa nchi nzima itaamini mambo yanabadilika. Kisha Waziri atasimama, atasema Serikali imepokea, Serikali ni sikivu, atakaa nawe mara baada ya kikao. Mwenyekiti atakugeukia: "Mheshimiwa, unarudisha shilingi?" Rudisha. Ukikataa, itapigwa kura, na waliosimama nawe sasa hivi watagundua wamekaa. Na usichelewe kusimama: muda ukiisha inakuja gilotini, mafungu yanapita moja baada ya jingine kwa mabilioni bila ufafanuzi, na shilingi yako inabaki mfukoni. Angalizo: hakuna Waziri aliyefilisika.

Hatua ya kumi na moja: alika wageni. Haimo kwenye orodha ya vyombo vya Mbunge, lakini ndiyo pekee yenye matokeo siku hiyo hiyo. Jaza basi dogo wapiga kura, walete Dodoma, uwapange jukwaani siku swali lako linapojibiwa. Spika atawatangaza, watasimama, watapigiwa makofi, watapigwa picha na wewe kwenye ngazi. Wataondoka wamekuona ukisimama. Angalizo: basi litarudi kwa barabara ile ile.

Hatua ya mwisho: kura ya bajeti. Kila Juni, baada ya hotuba zote, kura hupigwa kwa kuita majina. Siku hiyo hakuna Naibu Waziri wa kukujibu, hakuna nyongeza, hakuna mwongozo, na kengele haikuhusu. Unaitwa kwa jina lako, na unajibu neno moja. Ni hapo tu ambapo Serikali inakuhitaji wewe kuliko unavyoihitaji, kwa sababu fedha za barabara yako, kama zipo, zimo kwenye kitabu hicho, na kama hazimo, ndiyo siku ya kusema hivyo. Mwaka mzima umeunga mkono hoja asilimia mia moja kabla ya kueleza kwa nini huiungi mkono. Leo huna nafasi ya kueleza. Kumbuka tu kwamba Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti yake, na Bunge likivunjwa utarudi kwa wale uliowaahidi lami, kuomba kura upya, ukipita barabara hiyo hiyo. Una haki kamili ya kusema hapana. Utasema ndiyo.